KRISMASI HII, USIMFUKUZE MTOTO KWA PEREMENDE

 

Neno la leo ni refu na lina makali kidogo. Kama uko kazini, liweke ulisome jioni. Lakini lisome mpaka mwisho kabla hujaandika Amina.

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu zenu. Wengi mmenitumia mkiuliza, "Mchungaji, unasemaje?" Ujumbe wenyewe unasema mtoto anayezunguka nyumba kwa nyumba siku ya sikukuu akiomba vitu vitamu amebeba roho ya Halloween. Kwa hiyo Mkristo aliyeokoka afunge geti siku ya Krismasi, azime redio, akae kimya ndani mpaka watoto wapite.

Nasema HAPANA.

Na kwa wale mnaojiona wema kwa sababu mmeshanunua paketi tatu za peremende za kugawa mlangoni, msipige makofi mapema. Nina neno na nyinyi pia.

Tuanze na hiyo Halloween, maana wengi wanaipinga bila kuijua. Ni tarehe 31 Oktoba, mkesha wa siku ambayo makanisa ya zamani huwakumbuka watakatifu. Huko Marekani watoto huvaa mavazi ya kutisha, huzunguka usiku unapoingia, hubisha milango na kumpa mwenye nyumba uchaguzi: atoe kitu kitamu au afanyiwe kituko. Siku hizi hata Nairobi kuna sehemu za starehe zinazotangaza usiku huo na kukata tiketi. Msimamo wangu mnaujua. Mtu aliyetolewa gizani hana haja ya kuvaa uso wa maiti ili afurahi. Hapo sibadiliki.

Lakini sasa niambie, mpendwa. Mtoto wa Garsen anayekuja kwako tarehe 25 Desemba amevaa uso wa maiti?

Anakuja mchana kweupe. Amevaa nguo mpya, au ile ya mwaka jana iliyofuliwa vizuri na mama yake. Ameshika mkono wa mdogo wake. Wanasimama mlangoni wanapiga hodi, halafu wanasema kwa sauti moja, "Tumekuja kuomba Krismasi yetu!" Hamtishii mtu. Hana kituko cha kumfanyia mtu. Amesikia kwamba leo kwenu kuna furaha, naye amekuja kuona kama furaha hiyo inatosha na yeye.

Hiyo ndiyo roho ya Halloween? Basi mama Mkristo unayepokea sahani ya pilau kutoka kwa jirani yako siku ya Idd, nayo tuiiteje?

Watoto wetu wenyewe, watoto wa kanisa hili, siku ya Idd wanafuatana na wenzao wa shule. Wanapewa mkono wa Idd kama watoto wengine. Wanarudi nyumbani na shilingi kumi kumi mfukoni na mafuta ya biriani kwenye shati. Hakuna aliyewauliza wanasali wapi. Ikifika zamu yetu ndipo tunakumbuka kufunga geti?

Sasa twende kwenye Neno. Fungua Nehemia sura ya 8. Taifa zima limekusanyika, sheria imesomwa, watu wanalia. Viongozi wanawatuliza: siku hii ni takatifu, msilie, nendeni mkale vizuri na mnywe. Halafu wanaongeza agizo ambalo wahubiri wengi tunaliruka: wapelekeeni sehemu yao wale ambao hawakuandaliwa kitu. Fungua Esta sura ya 9. Wayahudi wameokoka na kuangamizwa, wanaweka sikukuu, na sikukuu hiyo inaagizwa iwe na mambo mawili ya mkono: kupelekeana vyakula na kuwapa maskini zawadi. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 16. Mungu anapanga nani afurahi pamoja nawe kwenye sikukuu, na katika orodha hiyo yumo mgeni, yumo yatima, yumo mjane.

Umeona? Katika Biblia, sikukuu isiyotoka nje ya mlango haijakamilika. Kupeleka sehemu kwa jirani kumewekwa ndani ya ibada yenyewe. Ukifunga geti umekata ibada katikati.

Na Krismasi yenyewe, kumbuka, ilipanda mto huu na wamishonari wa miaka ya 1880, kule Golbanti na Ngao. Ilikuja kwa watu waliokuwa na desturi zao na imani zao. Ingekuja na geti lililofungwa, wewe leo ungekuwa wapi?

Kwa hiyo suala la kufungua mlango limekwisha. Mlango unafunguliwa.

Sasa niwageukie wa peremende.

Ndugu yangu, dada yangu, jiulize kwa ukweli: kwa nini peremende? Najua jibu. Ni rahisi, ni nyepesi, inamaliza kazi haraka. Mtoto akibisha, unafungua mlango nusu, unachota kiganja, unamwagia mkononi, unafunga. Hujamtazama uso. Hujamuuliza jina. Peremende imekuwa kodi ya kumfanya mtoto aondoke. Yule aliyefunga geti na yule aliyemwaga peremende wanataka kitu kimoja: mtoto atoke mlangoni.

Bwana Yesu aliuliza swali kuhusu baba ambaye mwanawe anaomba samaki. Je, atampa nyoka? Liko katika Luka sura ya 11. Mimi nauliza swali dogo chini ya hilo: mtoto akija kwako na njaa ya sikukuu, utampa kitu cha kumtoboa meno?

Usicheke. Sikiliza jinsi kazi inavyofanyika mdomoni. Ndani ya kinywa kuna bakteria wanaokula sukari. Wakishaila wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolainisha jino mpaka linatoboka. Kitu cha sukari kinachonyonywa muda mrefu, au kinachonata kwenye meno, kinawapa bakteria hao karamu ndefu. Peremende ngumu hunyonywa muda mrefu. Peremende ya kutafuna hunata. Halafu mtoto hapiti nyumba moja, anapita nyumba kumi, na kila nyumba inamwagia kiganja.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, kwa mkubwa na kwa mtoto, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Wengine kati yao tunakaa nao benchi moja Jumapili. Mnawajua, ni wale wanaoimba wakiwa wameshika shavu.

Usiniambie ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Meno ya utoto ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwa. Yakioza mapema, yanayofuata yanaweza kuota vibaya. Na jino halichagui saa ya kuuma. Likianza usiku na wewe uko Ozi au Semikaro, kabla hujafikiria daktari utafikiria boti, utafikiria boda, utafikiria nauli. Yule aliyemwagia mtoto wako peremende hatakuwepo.

Kuna jambo la pili. Peremende ngumu ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Inaweza kumkwama kooni. Na siku ya sikukuu watoto wanakula huku wanakimbia.

Jambo la tatu linatuhusu sisi watu wa mto huu tunaoishi na majirani Waislamu. Peremende laini, zile za kuvutika kama jeli, nyingi hutengenezwa kwa gelatini. Gelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Wewe hujasoma maandishi madogo nyuma ya paketi. Mama wa yule mtoto naye hajui umempa nini mwanawe. Ukasema umempa zawadi, kumbe umempa mama mwenzako wasiwasi, naye ataanza kumzuia mtoto asije kwako tena. Hivyo ndivyo milango inavyofungwa, taratibu, bila mtu kugombana.

Jambo la nne nalisema kwa uzito. Wazazi, chambo cha kwanza cha mtu mwenye nia mbaya kwa mtoto ni kitu kitamu cha mkononi. Mnajua. Sisi wakubwa tunapomzoeza mtoto kwamba kila anayemwaga peremende ni mtu mwema, tunamlegeza. Mtoto afundishwe mapema kwamba zawadi njema hutolewa mbele ya watu, mlangoni, mwangani, na mtoaji anamjua mama yako. Asiingie ndani ya nyumba ya mtu kwa sababu ya peremende. Watoto waende kwa kundi, na mmoja wao awe mkubwa.

Sasa mtasema, "Mchungaji, umetunyang'anya peremende, tutoe nini?"

Hapo ndipo ninapotaka kuwauliza: mnaishi wapi?

Mnaishi Tana River! Desemba embe zimejaa. Ngowe zipo, boribo zipo, apple zipo. Kila msimu tunasikia kilio kilekile: embe zinaoza chini ya miti kwa kukosa soko. Lori lisipofika, au barabara ikikatika kwa maji kama ilivyokuwa kwenye mvua za El Niño za mwaka 2023, mkulima anabaki kuziangalia tu. Embe wanakula nyani na popo, halafu sisi tunaenda dukani kununua sukari yenye rangi iliyosafirishwa kutoka mbali, tunawapa watoto wetu. Mungu ametuwekea zawadi juu ya mti, sisi tunaitafuta kwenye karatasi ya nailoni.

Na usinigeuzie kibao useme embe nayo ina sukari. Ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani niliowatajia hauhesabu sukari iliyo ndani ya tunda zima. Tunda lina nyuzinyuzi na maji. Embe ina vitamini A, ambayo macho ya mtoto yanaihitaji. Na embe haina dini. Mpe mtoto wa Mpokomo, mtoto wa Muorma, mtoto wa Mgiriama, mtoto wa Mwardei. Hakuna mama atakayeuliza imetengenezwa kwa nini.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza. Yaandike.

1. Embe nzima iliyooshwa kwa maji safi. Usikate ukaacha kwenye sinia inzi watue. Kaunti yetu imeshaonja kipindupindu, hatutaki kukipelekea watoto sikukuu. Tunda zima, limeoshwa, mikono yako imenawiwa kwa sabuni.

2. Ndizi mbivu. Ina ganda lake kutoka kwa Mungu, haihitaji karatasi. Inamfaa hata mtoto mdogo.

3. Muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, hindi la kuchoma, yai la kuchemsha. Mtoto aliyetoka asubuhi kuzunguka nyumba kumi ana njaa ya kweli. Kipande cha muhogo wa moto kitamkaa tumboni.

4. Chapati, mahamri au kitumbua. Hiki tayari unakipika. Ongeza unga vikombe viwili, umemaliza. Nyama usimpe mtoto wa Kiislamu kama hujui imechinjwa na nani. Heshimu nyumba anayotoka.

5. Makoma, ukwaju, ubuyu. Watoto wa mto huu wanatafuna makoma tangu zamani. Lakini yale mabuyu mekundu yaliyopikwa kwa sukari na rangi, hayo ni peremende iliyovaa kanzu. Mimi nasema ubuyu wenyewe.

6. Njugu, kwa watoto wakubwa tu. Wadogo wa chini ya miaka mitano usiwape njugu nzima, zinakwama kooni kama peremende. Hata mkubwa muulize kwanza kama njugu zinamdhuru, maana wapo ambao miili yao haizikubali.

7. Vitu visivyoliwa. Penseli. Kifutio. Kalamu. Gololi. Kamba ya kuruka. Kipande cha sabuni. Shule zinafunguliwa Januari, na kuna mtoto hapa Garsen atakayefika darasani bila penseli. Ukampa penseli siku ya Krismasi, Januari ataandika jina lake kwa mkono wako.

Na usifunge chochote kwenye mfuko wa plastiki. Serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, na mto wetu umeshachoka kubeba taka. Watoto waje na vikapu vyao. Mama zetu wanajua kusuka.

Mnadhani haya ni mambo yangu mapya? Hata huko Marekani, ilikoshamiri hiyo Halloween mnayoiogopa, wapo waliokataa kuishia kwenye peremende. Mwaka 1950 mchungaji wa Kipresbiteri, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma, waliokuwa wakiishi Philadelphia, walianzisha jambo la watoto kuzunguka milango wakikusanya senti za kuwasaidia watoto wa nchi nyingine kupitia UNICEF. Na tangu mwaka 2014, shirika la huko linaloitwa FARE limehimiza familia ziweke mlangoni boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani. Mtoto ambaye mwili wake unadhurika na baadhi ya vyakula akiliona, anajua nyumba hiyo ina zawadi isiyoliwa kwa ajili yake. Watu wasio na mwembe uani wamefikiria namna ya kumpa kila mtoto kitu kinachomfaa. Wewe mwenye mwembe unafikiria namna ya kufunga geti!

Nimesikia pingamizi zenu. Nizijibu.

"Mchungaji, sina uwezo." Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kama huna mti, nunua ndoo ya embe kwa jirani mkulima. Pesa yako inabaki hapa hapa, inamlipia karo mtoto wa hapa. Kama huna pesa ya ndoo, unganeni nyumba tatu. Kama huna kabisa, fungua mlango, mpe mtoto maji safi ya kunywa kwenye joto hili la Desemba, muulize jina lake, mbariki. Bwana alilisema hilo la kikombe cha maji, Mathayo sura ya 10.

"Tutawazoeza watoto kuombaomba." Mtoto anayeomba kila siku barabarani ana tatizo jingine, na kanisa lina wajibu mwingine kwake. Huyu anakuja mara moja kwa mwaka kushiriki sikukuu. Mfundishe adabu: apige hodi, asalimu, apokee kwa mikono miwili, aseme asante. Hiyo ni shule.

"Mimi nitawapa vijikaratasi vya Injili tu, hiyo ndiyo zawadi bora." Hapa naomba mnivumilie. Ninaipenda Injili kuliko ninavyoupenda uhai wangu. Lakini Yakobo sura ya 2 anamkemea mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, bila kumpa chochote. Kumpa mtoto wa miaka sita karatasi mahali pa chakula ni kuyarudia maneno yale kwa maandishi. Na kama ni mtoto wa jirani Muislamu, ukamtilia karatasi mfukoni kwa siri, ujue mama yake ataiona. Ataona umemtumia mwanawe kama mlango wa nyuma. Kama una neno na nyumba ile, nenda mchana, kaa na baba yake kwenye mkeka, ongea naye kama mtu mzima na mtu mzima. Mtoto mwachie embe.

"Lakini wale si watu wetu."

Aaa. Hili ndilo lililokuwa chini ya yale mengine yote. Afadhali limesemwa.

Wapendwa, sisi si watu wa kuambiwa neno hili linaishia wapi. Sisi ni watu wa Tana Delta. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, tulizika. Wakulima na wafugaji, Wapokomo na Waorma, watu waliokuwa wakigawana mto mmoja, soko moja, zahanati moja. Katika shambulio la tarehe 22 Agosti peke yake walikufa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Mpaka mwaka 2013 unaanza, waliouawa walikuwa wamepita 100. Nyumba zilichomwa, mifugo ikakatwakatwa, watu wakalala makanisani na madarasani. Na mwaka 2024 huko juu, Tana North, damu ikamwagika tena.

Ugomvi ule ulikuwa wa maji, malisho na mashamba, na siasa ilikuwemo. Sitawadanganya kwamba embe ingeuzuia. Lakini nawauliza: inakuwaje mtu ananyanyua panga juu ya mtoto? Kwanza mtoto yule huwa ameshaacha kuwa mtoto mbele ya macho yake. Ameshakuwa "wao". Hana jina. Hajawahi kusimama mlangoni pake akicheka, ute wa embe ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wamefika umri wa sekondari. Wengine wako darasa moja, Mpokomo na Muorma benchi moja. Wao ndio watakaoamua mto huu utakuwa wa nini miaka ishirini ijayo. Na hawatakumbuka mahubiri yangu. Watakumbuka milango. Watakumbuka nyumba gani ilifunguliwa na nani aliwaita kwa jina.

Ndiyo maana nasema mtoto akifika mlangoni usimuulize, "Wewe wa nani?" kwa ile sauti tunayoijua. Muulize, "Unaitwa nani, mwanangu?" Maswali hayo mawili yanakaribiana kwa maneno, lakini moja linapima na lingine linapokea.

Wahenga wa pwani walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi ndio wenye ugonjwa. Mtoto yule anakuja na dawa, nasi tunamfungia geti, au tunamrushia peremende aondoke upesi.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kanisa letu. Krismasi hii kanisa halitanunua paketi hata moja ya peremende kwa fedha ya sadaka. Kila nyumba yenye mwembe ilete ndoo moja Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu. Kila nyumba isiyo na mwembe ilete penseli, hata moja. Akina mama watagawa kwa nyumba zilizo kando ya barabara, ambako watoto hupita wengi. Vijana watasimama kwenye mabomba ya kunawia na sabuni. Na Idd ikifika, tutawaandaa watoto wetu, tutawavika vizuri, tutawafundisha kusalimu, waende kwa majirani na sahani iliyofunikwa. Wasiende kupokea tu.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliwakemea wanafunzi walipowazuia watoto. Tukemee na sisi. Ondoa hofu iliyojificha ndani ya maneno ya kiroho. Fungua milango ya Garsen, ya Minjila, ya Tarasaa, ya Ngao, ya Wema, ya Hewani, mpaka Kipini. Mtoto yeyote atakayepiga hodi Krismasi hii, akute mtu amesimama, mikono imenawa, uso unacheka. Linda mto huu na damu. Bariki miti ya embe na wenye miti. Tunaomba kwa jina lako. Amina.

Ukisema Amina hapo chini, iandike pamoja na kitu utakachotoa. "Amina, ndoo mbili za ngowe." "Amina, penseli kumi." "Amina, mihogo." Amina tupu leo sizihesabu.

Sambaza kwa yule aliyekutumia ule ujumbe wa kufunga geti.

Mchungaji wenu, hapa Garsen.